Macho ya Bunge Katika Idara za Siri

Msafiri anayetoka Kampala kwenda Mbarara hupita Biharwe kabla ya kuingia mjini. Hapo kando ya barabara kuu upo mnara uliozinduliwa mwaka 2014 kwa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua kulikotokea mwaka 1520. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba Omukama Olimi wa Bunyoro alikuwa mahali hapo pamoja na askari wake na ng'ombe wengi wa nyara, na ghafla mchana ukageuka usiku. Mfalme na jeshi lake wakakimbia, ng'ombe wakabaki, na watu wa Nkore wakajipatia mali bila ya kurusha mshale. Jeshi lile lilikuwa na mikuki, lilikuwa na ngao, na lilikuwa na ushindi mkononi. Lililokosa ni mtu mmoja tu wa kueleza giza lile ni nini na litaondoka lini.

Kila dola ina giza lake, nalo ni kazi ya idara za upelelezi. Kazi hiyo haifanywi hadharani, wala haiwezi kufanywa hadharani, kwa maana adui naye anasoma magazeti na kusikiliza redio. Hata hivyo fedha inayotumika humo ni ya wananchi, na amri zitolewazo humo huwaangukia wananchi. Ndiyo maana nchi nyingi zimeliagiza Bunge liwe na jicho lake ndani ya kazi hiyo. Lakini je, jicho hilo ni nani? Watu wengi hujibu kwamba ni wabunge. Sisi tunasema kwamba jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kundi dogo la watumishi wasiojulikana, yaani makatibu wa kamati, watafiti, wanasheria, wachambuzi wa bajeti na wakaguzi wa hesabu, ambao bila wao mbunge huingia kikaoni akiwa kipofu. Na tunasema zaidi kwamba kazi ya watu hao inamhusu askari na polisi kuliko anavyodhani.

Sheria inasemaje

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 haikuliacha jambo hili lielee hewani. Ibara ya 208 inasema kwamba jeshi la nchi litakuwa la kitaifa, lenye nidhamu, lisilofungamana na chama chochote, na litakuwa chini ya mamlaka ya kiraia. Ibara ya 218 inalipa Bunge uwezo wa kuunda idara za upelelezi kwa sheria, na inakataza Serikali kuunda idara ya namna hiyo nje ya sheria. Ibara ya 221 inawataja kwa pamoja wanajeshi, polisi, magereza na idara zote za upelelezi, na kuwawajibisha kuheshimu haki za binadamu katika utendaji wao. Ama Ibara ya 90, hiyo inazipa kamati za Bunge uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita shahidi, kumwapisha, na kudai hati.

Kabla ya Katiba hiyo ilikuwapo Sheria ya Mashirika ya Usalama ya mwaka 1987, iliyounda shirika la usalama wa ndani, ISO, na shirika la usalama wa nje, ESO. Wakuu wa mashirika hayo huteuliwa na Rais na huwajibika kwake. Fedha yao hupitia katika bajeti inayopitishwa na Bunge, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 imeyawekea matumizi ya siri utaratibu wake maalumu. Kamati ya Ulinzi na Mambo ya Ndani ndiyo inayopokea hesabu na taarifa za sekta hiyo.

Kwa hiyo, katika karatasi, mlango upo na ufunguo upo. Lakini wanajeshi wanajua vema kwamba bunduki iliyo katika orodha ya ghala si lazima iwe bunduki inayofyatua. Hapana budi awepo mtu wa kuisafisha, kuitia mafuta na kuijaribu. Katika Bunge, mtu huyo ni mtumishi wa kamati.

Mbarara ilikwisha kuona

Watu wa Mbarara hawahitaji kufundishwa na mgeni juu ya hatari ya vyombo vya siri visivyo na msimamizi. Mwezi Februari mwaka 1971, baada ya kuipindua Serikali, Idi Amin alilivunja Bunge, na nchi ikatawaliwa kwa amri. Miezi michache baadaye, katika Julai, Wamarekani wawili walifika Mbarara kuchunguza habari za mauaji ya askari katika kambi ya Simba. Mmoja alikuwa mwandishi wa habari, Nicholas Stroh, na wa pili alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Robert Siedle. Hawakurudi. Kwa kuwa ubalozi wao ulishikilia jambo hilo, iliundwa tume ya jaji mmoja, David Jeffreys Jones. Jaji huyo alipata ukweli kwamba watu hao waliuawa na wanajeshi wa kambi ile, lakini aliiwasilisha taarifa yake akiwa amekwisha kuvuka mpaka kwenda Kenya.

Msomaji atafakari jambo hilo. Jaji alikuwa na sheria, alikuwa na mashahidi, na alikuwa na kalamu. Lakini nyuma yake hapakuwa na Bunge la kuipokea taarifa hiyo, hapakuwa na kamati ya kumwita mkuu wa kambi, wala hapakuwa na ofisi ya kuhifadhi hati na kuuliza mwaka uliofuata, "Yale mapendekezo yamefikia wapi?" Ukweli ulipatikana, lakini ukawa yatima.

Mwaka 1974 Amin mwenyewe, kwa shinikizo la dunia, aliunda tume nyingine juu ya watu waliopotea tangu Januari 1971. Tume hiyo, iliyoongozwa na Jaji Mohamed Saied, iliorodhesha visa 308 na kuonyesha kidole kwa kikosi cha Public Safety Unit na idara ya State Research Bureau, ile iliyokuwa na makao yake Nakasero. Taarifa haikutangazwa kwa wananchi, na idara ile iliendelea na kazi yake hadi utawala ulipoanguka mwaka 1979. Katika mwaka 1986 ikaundwa tume ya tatu, chini ya Jaji Arthur Oder, kuchunguza uvunjaji wa haki za binadamu tangu uhuru wa mwaka 1962. Ilifanya kazi kwa miaka minane na kutoa taarifa yake mwaka 1994.

Hatuzidharau tume hizo. Tunachosema ni kwamba tume huja baada ya maafa, kama vile gari la zimamoto hufika nyumba ikiwa imekwisha kushika moto. Ikimaliza kazi hufungwa, makatibu wake hutawanyika, na majalada yake huingia kabatini. Kamati ya Bunge yenye watumishi wa kudumu ni mlinzi wa zamu: yupo usiku na mchana, anajua mlango upi ulikuwa na kasoro mwaka jana, naye huunusa moshi mapema.

Kazi yenyewe ni ipi

Mbunge huchaguliwa kwa miaka mitano. Katika muda huo hujifunza lugha ya ulinzi na usalama, na mara anapoanza kuielewa, uchaguzi umefika. Pengine atarudi, pengine hatarudi. Spika anaweza kubadilika, mwenyekiti wa kamati akabadilika, na hata chama chake kikampeleka katika kamati ya kilimo. Katika idara ya upelelezi, kwa upande wa pili, wapo maafisa waliokaa kazini miaka ishirini. Basi tukiwakutanisha mbunge wa miezi sita na afisa wa miaka ishirini katika chumba kimoja, ni nani atakayemsimamia mwenziwe?

Hapo ndipo mtumishi wa Bunge anapohitajika. Sheria ya Uongozi wa Bunge ya mwaka 1997 iliweka Tume ya Bunge yenye watumishi wake, na Sheria ya Bajeti ya mwaka 2001 ikaanzisha Ofisi ya Bajeti ya Bunge ili wabunge wawe na wachambuzi wao wenyewe, wasitegemee maelezo ya wizara pekee. Ipo pia idara ya utafiti, na wapo wanasheria. Nje ya Bunge yupo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye Ibara ya 163 inampa kazi ya kukagua hesabu za umma na kulipelekea Bunge taarifa.

Tuchukue mfano wa kubuni ili kazi hiyo ionekane wazi. Tuseme fungu la matumizi ya siri limeongezeka mara mbili kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Mbunge mwenye haraka atasimama na kupiga kelele, na afisa atamjibu kwa maneno mawili tu, "Usalama, mheshimiwa," kisha mjadala utakwisha. Mchambuzi wa bajeti hafanyi hivyo. Yeye kwanza hulinganisha fungu hilo na miaka mitano iliyopita. Pili, huuliza kama ongezeko hilo lilikuja katika bajeti kuu au kwa nyongeza katikati ya mwaka. Tatu, huangalia kama vitu vya kawaida, kama vile mishahara, mafuta ya magari na kodi za majengo, vimehamishiwa katika fungu la siri ili kukwepa ukaguzi. Nne, humwandikia mwenyekiti maswali manne au matano ambayo afisa anaweza kuyajibu bila ya kutaja jina la mpelelezi hata mmoja. Kikao kikisha, katibu wa kamati huandika ahadi zilizotolewa, na baada ya miezi mitatu huandika barua ya kuzikumbusha.

Kazi hiyo haina shangwe. Haipigwi picha. Ni kazi ya kusoma, kulinganisha, kunyamaza na kukumbuka. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na usimamizi hujengwa kwa barua hizo.

Wenzetu wamejifunza nini

Nchini Marekani, Shirika la Ujasusi, CIA, lilifanya kazi tangu mwaka 1947 bila kuwa na kamati maalumu ya kudumu ya kulichunguza kwa undani. Mwaka 1975 Baraza la Seneti liliunda kamati chini ya Seneta Frank Church. Watumishi wa kamati hiyo walifukua majalada na simu za maandishi, wakaonyesha kwamba shirika hilo lilikuwa limepanga njama za kuwaua viongozi wa nchi nyingine, akiwemo Patrice Lumumba wa Kongo, ambaye baadaye aliuawa Katanga kwa mikono mingine katika Januari 1961. Matokeo yake ni kwamba Seneti iliunda kamati ya kudumu ya upelelezi mwaka 1976, na baraza la pili likafuata mwaka 1977, kila kamati ikiwa na watumishi wake.

Kazi ya watumishi hao ilijaribiwa vikali baadaye. Kuanzia mwaka 2009, kikundi kidogo cha watumishi wa kamati ya Seneti kilisoma kurasa zaidi ya milioni 6 za hati juu ya mateso waliyofanyiwa wafungwa wa CIA. Kazi iliwachukua miaka kadhaa, na muhtasari wake ulitangazwa Desemba 2014. Mwaka huo huo mkaguzi wa ndani wa CIA alithibitisha kwamba wafanyakazi watano wa shirika hilo waliingia isivyo halali katika kompyuta walizotumia watumishi wa kamati, na mkurugenzi wa shirika akawaomba radhi viongozi wa kamati. Msimamiwa alikuwa amempeleleza msimamizi wake.

Afrika Kusini inatupa fundisho jingine. Sheria ya mwaka 1994 iliweka kamati ya pamoja ya Bunge juu ya upelelezi, pamoja na Mkaguzi Mkuu wa Upelelezi anayewajibika kwa kamati hiyo. Mwaka 2018 mkaguzi huyo, Setlhomamaru Dintwe, alikuwa akichunguza malalamiko yaliyomgusa mkuu wa shirika la usalama wa taifa. Mkuu huyo akamfutia mkaguzi kibali chake cha usalama, na bila ya kibali mkaguzi hawezi kufungua jalada lolote. Jambo likafika mahakamani, na katika mwezi wa Aprili mkuu huyo akahamishwa. Lakini somo lilibaki: anayeshika kibali cha msimamizi ameshika pumzi yake.

Karibu nasi, Tanzania iliipa Idara ya Usalama wa Taifa sheria yake mwaka 1996, na Bunge lake lina kamati ya mambo ya nje, ulinzi na usalama. Kenya, katika Katiba yake ya mwaka 2010, ilitamka kwamba usalama wa taifa uko chini ya Katiba na Bunge, na sheria yake ya upelelezi ya mwaka 2012 ikataja usimamizi wa Bunge pamoja na bodi ya kupokea malalamiko ya wananchi. Kwa hiyo Uganda haiko peke yake, na swali letu ni swali la Afrika Mashariki nzima.

Mlangoni

Uganda nayo imekwisha kulipima jambo hili. Mwaka 2019 Kamati ya Bunge ya Haki za Binadamu ilichunguza malalamiko juu ya nyumba za siri ambamo watu walidaiwa kuzuiliwa na kuteswa. Wajumbe walikwenda Kyengera, karibu na Kampala, na wakaelekea kisiwani Kalangala ili wajionee wenyewe. Walizuiwa kuingia.

Tufikirie kidogo juu ya tukio hilo, bila ya hasira. Aliyesimama mlangoni alikuwa mlinzi wa cheo cha chini. Mbele yake wapo wawakilishi wa wananchi wenye mamlaka ya Katiba. Nyuma yake ipo amri ya mkubwa wake. Afanye nini? Kama pangekuwa na utaratibu ulioandikwa, uliokubaliwa kati ya Bunge na idara, unaosema ni nani anaweza kuingia, kwa taarifa ya muda gani, akiwa na kibali gani, na ataonyeshwa nini, mlinzi yule asingewekwa katika mtihani huo. Kuandika utaratibu wa namna hiyo si kazi ya hotuba. Ni kazi ya mwanasheria wa kamati na mwanasheria wa idara, wakae meza moja, neno kwa neno, hadi waafikiane.

Askari anahusikaje

Huenda msomaji wetu aliye kambini au kituoni akasema, "Hayo ni ya wakubwa, mimi natii amri." Tunamjibu kwa heshima kwamba sheria haikubaliani naye. Sheria ya Kuzuia na Kukataza Mateso ya mwaka 2012 inasema wazi kwamba amri ya mkubwa si utetezi kwa mtu aliyemtesa mwenziwe. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 inaruhusu ofisa wa umma kuwajibika yeye binafsi. Mkubwa atakuwa amestaafu, au amehamishwa, au amesahau. Jina lililoandikwa katika kitabu cha zamu ni lako, ndugu askari.

Msimamizi mzuri humkinga askari kabla hajafika huko. Kila kamati inapodai kwamba amri za kukamata ziandikwe, kwamba mtuhumiwa apelekwe kituo kinachojulikana, na kwamba saa 48 zilizowekwa na Katiba ziheshimiwe, inamjengea askari ngao. Ataweza kumwambia mkubwa wake kwa adabu, "Afande, naomba amri hiyo kwa maandishi, maana kamati itauliza."

Lipo pia suala la posho, sare na chakula. Sote tunakumbuka kashfa ya wanajeshi hewa iliyochunguzwa mwaka 2003: majina yaliyolipwa mishahara bila ya kuwa na mwenyewe. Hasara ya jambo hilo haikuishia katika hazina. Kikosi chenye watu pungufu kilihesabiwa katika karatasi kuwa kimekamilika, na ni askari aliye hai, mwenye jina la kweli, aliyesimama mstari wa mbele akingoja msaada wa mwenziwe asiyekuwapo. Mahali ambapo siri hufunika hesabu, wa kwanza kuumia ni mwenye sare.

Tutazame na Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, kusini mwa Mbarara. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo yamewapokea watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Polisi wa huko hufanya kazi kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi, na hupokea habari kutoka kwa watu waliozoea kuogopa sare. Wapo wanaohofia kwamba mkono wa nchi waliyoikimbia utawafikia hata uhamishoni. Hofu hiyo si ndoto tupu. Mwaka 2013 mkimbizi mmoja wa Rwanda, aliyekuwa chini ya ulinzi nchini Uganda, alikabidhiwa kwa nchi yake kinyume cha utaratibu, na polisi wenyewe wakakiri kwamba kosa lilifanyika. Mwaka 2017 maafisa wa polisi walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi huko Makindye kwa mashtaka yaliyohusu jambo hilo. Mkimbizi asiye na imani hatoi habari, na polisi asiye na habari hawezi kulinda makazi wala mpaka. Usimamizi unaoaminika ni sehemu ya upelelezi wenyewe.

Hoja za wanaopinga

Wapo wasemao kwamba wabunge hawajui kutunza siri. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini dawa yake si kulifungia Bunge mlango; dawa yake ni kuwa na watumishi waliochunguzwa, wenye kiapo, wanaosoma hati katika chumba maalumu na kuziacha humo humo. Mtumishi anayetegemea ajira yake ya miaka thelathini ana sababu nyingi za kunyamaza kuliko mwanasiasa anayetafuta kura.

Wengine husema kwamba usimamizi huchelewesha kazi wakati adui hangoji. Hapa hapana budi kutofautisha mambo. Kamati haiamui nani afuatwe leo usiku, wala haihitaji jina la mtoa habari. Kamati huuliza mambo matatu: je, sheria ilifuatwa, je, fedha ilifanya kazi iliyoombewa, je, watu waliokamatwa wako wapi na katika hali gani? Idara inayoshindwa kujibu maswali hayo matatu haikucheleweshwa na Bunge. Imejichelewesha yenyewe.

Hoja ya tatu ni kwamba Bunge litaingiza siasa katika usalama. Ni kweli kwamba kamati inaweza kugeuzwa uwanja wa ugomvi wa vyama. Lakini hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuwa na watumishi wasio wa chama chochote, wanaompa mwenyekiti wa leo na mwenyekiti wa kesho taarifa ile ile, iwapendeze au iwachukize.

Nani aifanye kazi hii

Kazi hiyo inahitaji vijana waliosoma sheria, uhasibu, takwimu na historia. Siku hizi inahitaji pia wajuzi wa kompyuta, kwa maana upelelezi wa leo unapita katika simu na mitambo, na msimamizi asiyejua mtambo unafanya nini hawezi kuuliza swali la maana. Kijana wa Biharwe anayesoma sayansi katika Chuo Kikuu cha Mbarara, na mwenziwe anayesoma sheria Makerere, wote wawili wanaweza kulitumikia taifa katika kazi hiyo bila ya kushika silaha. Mwenye kujua Kiswahili pamoja na lugha za mipakani ana mtaji wa ziada, maana malalamiko ya wananchi hayaandikwi yote kwa Kiingereza.

Inawahitaji pia watu waliovaa sare. Jeshi lina wawakilishi wake 10 ndani ya Bunge, lakini hatuwasemei hao. Tunamsemea ofisa mstaafu, mhasibu wa kikosi, mpelelezi wa polisi aliyemaliza utumishi wake kwa heshima. Mtu huyo anajua jinsi kitabu cha ghala kinavyoweza kudanganya. Anajua tofauti ya siri ya kweli na siri ya kuficha aibu. Hata hivyo tunatoa tahadhari. Mtu hawezi kuiacha idara Ijumaa na kuanza kuisimamia Jumatatu, akiwakagua marafiki wa jana. Wala haifai mtumishi wa kamati kuahidiwa cheo katika idara anayoichunguza. Panapaswa kuwa na muda wa kupumzika kati ya kazi hizo mbili, na muda huo uandikwe katika kanuni.

Mambo mengine nayo yaangaliwe. Kibali cha usalama cha mtumishi wa Bunge kisiwe mikononi mwa idara ile ile anayoisimamia peke yake. Pawe na mahali pa kukata rufaa. Mshahara wake umtosheleze asishawishike. Apewe mafunzo kila mwaka, na akipandishwa cheo apandishwe ndani ya fani yake, asihamishwe kila mara kamati yenyewe inapobadilika. Na akipata jambo zito la uvunjaji wa sheria, awe na njia halali ya kulifikisha kwa Spika bila ya kulazimika kukimbilia magazetini au kuvuka mpaka kama alivyofanya jaji wa mwaka 1972.

Mwisho tunawaambia ndugu zetu walio kambini Mbarara, vituoni Isingiro na penginepo: siku kamati itakapofika, mtamwona nyuma ya wabunge mtu mwenye jalada mkononi, asiyesema sana, anayeandika. Msimwone kuwa ni adui aliyekuja kutafuta makosa. Mwonyesheni vitabu vya zamu, mwonyesheni mahabusu, mwonyesheni hata paa linalovuja na sare zilizochakaa. Hayo yote yataingia katika taarifa yake, nayo itabaki Bungeni baada ya wabunge wale kwenda zao.